Sori ya Msibani

Neno lenyewe tulifundishwa msibani. Darasani hapana, kwa sababu darasa hatukuwa nalo. Mwalimu Habakuki hakuwa na imani na mabenchi. Alikuwa Mzigua wa Handeni, mwembamba, mwenye koti moja la kaki na maneno mengi, na alishikilia kwamba Kiingereza hakimwingii mtu mzima aliyekaa. "Kinaingia palepale mnapoishi," alisema. Basi jioni, kazi ikiisha, alitukusanya sisi wageni wa kambi, watu tuliotoka Ufipa na Ubena na kwingineko kufuata mkonge, akatuzungusha Korogwe nzima. Sokoni Manundu tulijifunza kuuliza bei ya nyanya, kwanza kwa Kiswahili cha pale, kisha kwa Kiingereza. Kwenye harusi moja Kwamndolwa tulijifunza kusifu chakula. Wenyeji walitukaribisha, wakatucheka hadi machozi, wakatulisha. Nusu ya watu wa Korogwe ninaowafahamu nilifahamiana nao hivyo.

Nilimpenda mwalimu huyo kwa sababu na mimi sikai. Fabiani, mume wangu, aliniita kiguu na njia tangu tukiwa kwetu Ufipa. Yeye ni mtulivu, neno moja analitafuna kutwa. Alikitaka Kiingereza ili atolewe kwenye toroli, vile vibehewa vidogo vinavyobeba majani ya mkonge, apelekwe korona, kwenye mashine ya kuyakwangua. Fundi mkuu wa korona alikuwa Mwingereza asiyejua Kiswahili cha kumtosha kuomba maji.

Siku tuliyofundishwa neno lile, kule Kwamndolwa alikuwa amefiwa mzee mmoja, mkewe amezikwa jana yake. Mwalimu Habakuki alitusimamisha nje ya uzio.

"Wazungu hawana pole," akasema kwa sauti ya chini. "Wana sori. Mtu amefiwa, sori. Amejikwaa, sori. Ana homa, sori. Usimpite mtu mwenye maumivu bila kumpa sori yake."

"Na anayepewa anajibu nini?" aliuliza Mwatumu, jirani yangu wa kambini, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto.

"Kama sisi tu. Anasema asante. Thenki yu."

Tukaingia mmoja mmoja. Fabiani alipofika mbele ya mzee yule aliinama, akashika mkono wake kwa mikono miwili, akasema, "Aimu sori, sa." Halafu akaongeza la kwake alilookota korona: "Veri sori." Mzee akamtazama. Kumbe aliwahi kuwa mpishi wa wazungu wa reli. "Thenki yu, mwanangu," akajibu, na katikati ya msiba wake akacheka. Fabiani alirudi nyumbani amejaa furaha. Kwa siku kadhaa nikiungua kidole jikoni nilipewa veri sori.

Kisha ikaja ile asubuhi.

Karibu na korona reli ya toroli inashuka kidogo. Fabiani alikuwa amesimamisha toroli iliyojaa, akaiwekea kabari, kile kipande cha mti kinachosokomezwa chini ya gurudumu lisisogee, akaenda kuwaita wapakuaji. Akiwa hajafika mbali akasikia ukelele. Alipogeuka, toroli ilikuwa imeshuka, na Bwana Kiko amelala kando ya reli, mguu wake chini ya gurudumu. Bwana Kiko ndiye aliyekuwa msaidizi wa meneja. Jina lake hasa lilitushinda, tukamwita kwa kiko chake. Fabiani na wenzake wakainyanyua toroli, wakambeba hadi kwenye gari, na njia nzima Fabiani alikuwa anampa pole, kama ambavyo angempa binadamu yeyote.

"Aimu sori, sa. Aimu veri sori."

Wazungu watatu walisimama pale wakasikia. Jua halijafika utosini polisi wakaja kumchukua.

Nilifika stesheni ya polisi nikihema. Koplo hakunialika kukaa, na nisingekaa. "Mumeo kaondoa kabari, kamvunja mzungu mguu," akasema. "Hakuna cha kubishana. Kakiri mwenyewe, tena kwa Kiingereza."

"Kakiri nini?"

"Kasema sori."

Sikuelewa hata chembe. Niliruhusiwa kumwona Fabiani kupitia dirisha la nondo. Hakulia, lakini midomo ilikuwa imemkauka. "Grasiana, niliiweka kabari," akaniambia. "Kwa mkono huu. Niliigonga na jiwe." Alirudia maneno hayo kila nilipokwenda kumwona, na kila mara alinionyesha mkono.

Kesi ilimngoja Bwana Kiko aweze kusimama kwa magongo. Wiki zile sijui nilizipitaje. Usingizi ulinikataa, chakula kilinikataa, nyumba ilinikataa. Nilikuwa naingia na kutoka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilikwenda kwa nyapara, akanifukuza. Nilikwenda kwa karani wa meneja, akaniambia Fabiani akifungwa nyumba ya kambi itatolewa kwa mwingine. Nilimtafuta Mwalimu Habakuki, nikaambiwa amekatazwa kukanyaga shambani, kwamba anawatia kiburi manamba, vibarua wa mkataba kama sisi. Amekusanya chaki zake amerudi kwao Handeni. Nilikasirika. Kesho yake nikapanda lori la mahindi.

Nilimkuta Chanika ya hukohuko Handeni, nyumbani kwa dada yake, anapukuchua mahindi. Aliponiona akasimama.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema, na shikamoo ile niliitoa kama mtu anayetupa jiwe. "Sori ni nini?"

"Marahaba. Sori ni pole, mama."

"Na nini kingine?"

Akakaa kwenye gunia, akajifuta vumbi la mahindi usoni. "Ina pande mbili," akasema. "Neno lilelile la pole ndilo la samahani. Mtu akikukosea anasema sori. Mtu akikuhurumia anasema sori. Somo la samahani nililiacha kwa baadaye. Nilingoja tupate ugomvi wa kupatanisha, tujifunzie hapo."

"Lugha gani hiyo isiyojua kama imekosa au imehurumia?" nikamwuliza. Nilikuwa napiga kelele, dada yake akachungulia mlangoni. "Wewe utakuja Korogwe ukamweleze hakimu hayo."

"Mama Grasiana, nikisimama mbele ya mzungu nikasema nilifundisha nusu ya neno, nani atanipa tena chaki?"

"Na mimi nani atanipa mume?"

Alishika gunzi la mahindi, akaligeuzageuza. Sikuondoka. Nilizunguka ua ule, nikaenda hadi kwenye banda la mbuzi, nikarudi, nikaenda tena. Mwisho dada yake akasema, "Habakuki, nenda, huyu mwanamke atatuchimbia shimo uani." Mwalimu akaenda kuchukua koti lake la kaki.

Siku ya kesi tulijaa. Mwatumu alikuwa amewakokota wanafunzi wote wa Habakuki, watu waliokubali kupoteza siku ya kazi, tukajibana kwenye mabenchi ya nyuma, sisi tuliofundishwa bila mabenchi. Hakimu alikuwa mzungu kijana, nywele zimelowa jasho, karani mkalimani pembeni yake. Fabiani alisimama kizimbani amekonda, shingo inaelea ndani ya shati.

Bwana Kiko aliingia kwa magongo mawili, mguu umefungwa plasta. Wakamwuliza nani aliondoa kabari.

"Sikuona," mkalimani akatufasiria. "Anasema alikuwa anatazama reli kama imepinda."

"Alikuwa wapi alipoitazama?" wakauliza tena.

Bwana Kiko akatoa kiko mfukoni, akakigeuza, akakirudisha. "Anasema karibu na gurudumu."

Benchi liliniunguza. Nilimtazama Fabiani, naye alikuwa anatazama mkono wake. Lakini swali jingine halikuulizwa. Inspekta aliyemshtaki akasimama, akasema wazungu watatu wamemsikia mshtakiwa akikiri, si mara moja, na kwamba amekiri kwa msisitizo. Ile veri ya mume wangu, niliyokuwa naionea fahari, ndiyo ikawa msumari.

Ikaja zamu ya Mwalimu Habakuki. Alisema kweli yote, kwa Kiingereza chake kilichonyooka, na mkalimani akatupa vipande vyake: msiba, mzee wa Kwamndolwa, pole, somo alilolichelewesha. Hakimu alimsikiliza huku anajipepea na karatasi. Inspekta akatabasamu, akasema mwalimu anamtetea mwanafunzi wake, na sori ni sori. Hakimu akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli. Nikaona Fabiani anaondoka, nikamwona kabisa, amevaa nguo za jela anapasua kokoto. Machozi yakanijaa, nikasimama bila kujua nasimama kufanya nini.

Hakimu alinyoosha mkono kuchukua kalamu. Kiwiko chake kikagonga kidau cha wino. Kidau kikapinduka, wino ukatambaa juu ya makaratasi, ukamwagikia kaptula yake nyeupe, naye akaruka na kutoa sauti ya mtu aliyeumia.

Hatukupanga. Naapa hatukupanga. Benchi zote za nyuma ziliinuka pamoja, na sauti ya Mwatumu ilikuwa juu ya zote:

"Aimu sori, sa!"

Na kutoka kizimbani, taratibu, kwa huruma ya kweli, Fabiani akamalizia: "Veri sori, sa."

"Thenki yu," akajibu hakimu, akijipangusa kwa leso.

Kisha mkono wake ukasimama. Akakitazama kidau, kilicho mbali nasi urefu wa chumba kizima. Akatutazama sisi, wanaume na wanawake wa kambi, tumesimama tumemwinamia kama wafiwa. Uso wa Inspekta ulikuwa umebadilika. Mwalimu Habakuki alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Nadhani alikuwa anasali.

Hakimu akakaa juu ya wino wake. Akamwuliza Inspekta kama ana ushahidi mwingine mbali na neno lile. Inspekta akapekua karatasi zake, akasema hana. Kesi ikafutwa. Mkalimani hakuwahi kumaliza kutufasiria, Mwatumu alikuwa ameshapiga vigelegele na askari wanamkemea.

Nje nilimshika Fabiani mashavu, nikamshika mabega, nikamgeuza huku na huku kama nguo sokoni. Nilikuwa nalia na kumgombeza kwa kukonda. Ndipo kelele za watu zikapungua. Bwana Kiko alikuwa ametoka. Dereva alimfungulia mlango wa gari, lakini hakuingia. Alikuja kwetu, magongo yanazama mchangani, akasimama mbele ya Fabiani. Alimtazama kwa muda mrefu kiasi kwamba nikaona aibu kwa niaba yake.

"Aimu sori, Fabiani," akasema. "Veri sori."

Nilingoja aseme zaidi, hata neno moja, nijue. Hakusema.

Na Fabiani wangu akainamisha kichwa, akajibu kama tulivyofundishwa msibani: "Thenki yu, sa."

Bwana Kiko akawa mwekundu hadi masikioni. Akageuka na magongo yake. Gari likaondoka.

Nikamrukia Mwalimu Habakuki. "Ile ilikuwa ipi? Ya pole au ya samahani?"

Akajikung'uta koti. "Mama, anayejua ni aliyeisema."

"Akisema Fabiani ni kukiri. Akisema yeye ni nini?"

Sikungoja jibu, nikamvuta Fabiani twende.

Tulirudi kambini tukifuata reli ndogo, Fabiani mbele, mimi nyuma, kisha mimi mbele, kisha ubavuni mwake, nikisema bila kupumzika. Nilimwambia kabari ameiondoa Bwana Kiko mwenyewe achungulie reli yake, akajivunja mguu, akanyamaza. Nilimwambia mzungu yule amemwacha alale rumande siku zote zile kwa ajili ya neno, na sasa amelisema yeye na hakuna polisi aliyemgusa. "Na wewe unamwambia asante!" nikapiga kelele. "Asante ya nini, Fabiani?"

Alitembea hadi tukafika pale reli inaposhuka. Toroli nyingine ilikuwa imesimama, kabari chini ya gurudumu. Aliinama akaigusa kwa kidole, kuhakikisha imekaza.

"Asante ndilo jibu la pole," akasema. "Jibu la ile nyingine hatujafundishwa."

Mimi nisiyekaa, nikakaa chini palepale, kando ya reli.