Badala ya Jina la Mdumiseni

Wanaume wawili walifika kwa MaNgubane saa tatu asubuhi, akiwa anaanika mahindi. Gari lao jeupe halikuwa na namba. Walipiga hodi vizuri, wakavua kofia, wakaomba maji.

"Kumbe unaishi peke yako, mama," alisema yule mfupi, akimrudishia kikombe.

"Wanangu wako mjini. Wanakuja."

"Durban ni mbali. Mpaka wafike." Akatabasamu. "Kwenye mkutano wa leo usiende, mama. Jua kali, na umri nao umekwenda."

Walipoondoka, MaNgubane alikaa chini palepale. Hakuwa amewatajia Durban.

Kampuni ya makaa ya mawe ilikuwa inautaka mlima wote wa kijiji, pamoja na nyumba na makaburi. Aliyeifungulia kesi kwa niaba ya kijiji ni mwalimu Mdumiseni. Wiki tatu nyuma aliuawa kwa risasi mlangoni kwake, chakula kikiwa bado cha moto mezani. Sasa wakili alitaka mtu mwingine asimame badala yake kabla ya Ijumaa, la sivyo kesi ingekufa naye.

MaNgubane alijiambia hatakwenda kwenye mkutano wa kanisani wa kumtafuta mtu huyo. Akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Mchana ulipofika akajitanda shali, akapita msituni badala ya barabarani. Aliposikia mngurumo wa gari alijitupa kichakani, akabana pumzi. Lilikuwa gari la mikate.

Kanisani watu walijaa, lakini wakili, binti mmoja aitwaye Pillay, alipouliza nani atasaini, wanaume walikodolea macho viatu vyao. Mtoto alikohoa, mama yake akamziba mdomo.

MaNgubane akanyanyuka.

"Kaa chini wewe," alinong'ona jirani yake, MaCele. Hawakuwa wamesemeshana tangu mbuzi wa mmoja walipokula mboga za mwenzake. "Unatetemeka kama kuku aliyenyeshewa."

"Natetemeka, ndiyo. Walikuja kwangu asubuhi. Wanajua ninapolala, wanajua wanangu wanapokaa. Nikinyamaza, watasahau?"

MaCele akakunja miguu, akampisha.

"Mama, una hakika?" wakili aliuliza. "Jina lako litasomwa mahakamani. Kampuni italiona."

"Mwanangu, usiniulize mara mbili. Nitakimbia."

Kalamu ilimponyoka mara ya kwanza. Mara ya pili aliishika kwa mikono miwili, akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizopindapinda.

Jua lilipokuchwa MaCele alifika kwa MaNgubane na mkeka na sufuria ya maharage, bila kualikwa. "Usifikiri tumepatana," alisema, akiburuta kabati mpaka likaziba dirisha. Wakala wameegemea ukuta wa nyuma. Kila mbwa alipobweka, vijiko vilisimama.

Ijumaa kijiji kilikodi basi kwenda mahakamani. Hakimu alilipokea jina la MaNgubane, akaamuru mashine za kampuni zisimame mpaka kesi isikilizwe. Wakati wa kurudi watu waliimba mpaka sauti zikawakauka, na MaCele akawa anaongoza. MaNgubane peke yake hakuimba. Alikuwa amegeukia kioo cha nyuma, akiyatazama magari yaliyowafuata, moja baada ya jingine, mpaka kila moja likate kona yake.