Shubiri Moja ya Pembe

"Kerala nzima," Ponnan alitangaza kwenye kibanda cha chai, "hakuna mchunga tembo mwenye mikono safi kama hii! Miaka kumi na saba na tembo huyu Gopan, sijamchukulia hata unywele wa mkia."

Akaiinua hiyo mikono, watu waione. Ilinuka mafuta ya nazi. Alikuwa ametoka kuing'arisha pembe ya kulia ya Gopan, mahali alipoziba tundu kwa nta.

Sheria aliijua vizuri. Pembe za tembo wa kufugwa hupunguzwa mbele ya afisa wa misitu, na vipande vyote, hata unga wake, huchukuliwa na serikali. Ndiyo maana Ponnan aliwahi kabla afisa hajaja. Mwenye tembo yuko Dubai. Majirani aliwaambia Gopan ameshikwa na ule wazimu wa tembo dume, atawaua, wasisogee. Kisha akamlaza, akamfunga miguu yote minne, akaikata pembe kwa ajili ya mchonga sanamu mmoja wa mjini. Tamaa ikaupeleka msumeno ndani mno, hadi kwenye nyama hai iliyo ndani ya pembe. Gopan alilia mpaka akajikojolea.

"Nyamaza, mtoto wa mama," Ponnan alimwambia, na msumeno ukaendelea.

Wiki tatu sasa Gopan hagusi majani ya mnazi. Asubuhi hii Ponnan alimchoma kwa fimbo ya ndoano nyuma ya sikio mpaka akatafuna, ili afisa amkute anakula.

Afisa Rajamma wa misitu alifika na mizani yake, hadi kando ya kibanda alipofungwa Gopan. Akazitazama pembe, moja ndefu, moja fupi.

"Mbona hazilingani?"

"Ndivyo alivyozaliwa, afande. Hujayaona meno ya shemeji yangu?"

Watu wakacheka. Afisa hakucheka. Ponnan akaona afunge mjadala kabisa.

"Muulize Shibu yule! Anampenda Gopan kuliko mkewe. Wee Shibu, njoo umwambie afande!"

Shibu, fundi rangi, akaja mbio kama aliyeitwa kupewa zawadi. Ni yeye aliyechora lile bango la Gopan la sikukuu ya hekalu, refu kama Gopan mwenyewe.

"Afande, huyu namjua inchi kwa inchi! Desemba nilimpima kwa kamba hii." Akaifungua kutoka mkononi, alikokuwa ameizungusha kama hirizi. "Kaka Ponnan mwenyewe alinishikia ncha. Fundo hili pembe ya kushoto, hili la kulia. Zilikuwa sawasawa, kama mapacha!"

Ponnan akakumbuka. Akakumbuka hata alivyokuwa akimcheka.

"Shibu, jua kali. Rudi kwenye rangi zako."

"Dakika moja tu, kaka." Shibu akainyoosha kamba juu ya pembe ya kulia. Fundo likaning'inia hewani, shubiri nzima mbele ya ncha. Akapima tena. Tabasamu lake likayeyuka. Akaipapasa ncha kwa kidole gumba, nta ikabanduka, usaha ukamtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

Gopan akatetemeka mwili mzima, lakini hakumdhuru Shibu. Alinyoosha mkonga kwa Ponnan, akawa anampapasa kifuani, kama afanyavyo kila anapoumwa.

Afisa akafungua daftari.

"Kaka Ponnan," Shibu akauliza, mkono bado uko juu, unachuruzika, "shubiri yangu iko wapi?"