Kiatu cha Kushoto

"Nikate, mzee?"

Sauti ilitoka chini ya gari. Juu ya saruji ya gereji ilionekana miguu ya Brayson tu, imevaa ndala mbili zisizofanana, na waya wa grenda, ile mashine ya kukatia chuma, uliokwisha kuchomekwa ukutani. Anyitike, fundi viatu wa Soweto pale Mbeya mjini, alikuwa amekaa juu ya tairi bovu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umenyooshwa mbele, kama mzigo wa mtu mwingine aliyesema nishikie mara moja, akapotea.

"Ngoja," alisema.

"Tangu saa mbili unaniambia ngoja. Ukungu umeshuka, umepanda, sasa naona unashuka tena."

"Na wewe shuka nao. Ngoja."

Gari lenyewe lilikuwa Celica nyekundu ya mwaka themanini na saba, milango miwili, fupi kwenda juu hata kuku wa jirani walilirukia bila kufungua mbawa. Taa zake za mbele zilikuwa zimelala ndani ya boneti. Ukizungusha swichi ziliamka taratibu, moja kabla ya nyingine, kama macho ya mzee aliyesinzia akasikia mtu ametaja jina lake. Brayson alikuwa na mipango mingi nalo: spesa za kuliinua lipite mashimo ya Makongolosi, rimu pana, na ekzosi ya kunguruma ambayo, kwa maneno yake, ingewashwa Mafiati watoto walie Uyole. Anyitike alikataa yote. Lilibaki jambo moja tu, nalo lilikuwa mpini.

Kati ya kiti cha dereva na gia kulisimama mpini wa jembe, umeng'aa kwa kushikwa, umeungwa kwa nondo hadi kwenye pedeli ya klachi. Mwenye gari wa zamani, Silvester, dereva wa malori ya mbao, hakuwa na mguu wa kushoto. Aliulalia mpini kwa kiwiko, klachi ikashuka, huku vidole vya mkono uleule vikibadili gia. Waliomwona wanasema alikuwa anaendesha kama mtu anayepiga zeze.

Silvester alikufa mwaka jana, wakati wa Kwaresima, na wiki tatu zilizopita Anyitike alikuwa amekwenda Iringa kulinunua gari kwa mjane wake, Benedicta. Miti ya mbao aliyoipanda ujanani kule Mufindi ilikuwa imekomaa, akaiuza. Wenzake wangejenga nyumba. Yeye alikumbuka gari kama lile lililompita siku ya ndoa yake, amembeba bibi harusi kwenye baiskeli, likawapaka vumbi wote wawili mpaka padri akauliza yupi ni yupi.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema mkewe, Devotha, ambaye ndiye aliyepakwa vumbi siku ile, "ulikuwa unalitamani lile vumbi."

Benedicta alipomkabidhi ufunguo alikuwa na sharti moja. "Chini ya kiti kuna kiatu chake, baba. Kimoja, cha kulia. Kiache hapo kama kilivyo."

"Sawa, mama," Anyitike alijibu, kwa sauti ambayo watu huitumia msibani.

Hakulidharau neno lile. Tatizo ni kwamba alikuwa fundi viatu, na fundi viatu akikiona kiatu pweke huwashwa kama mwenye jino lililotoboka. Alijizuia siku mbili. Ya tatu alikichomoa. Kiatu cha ngozi ya kahawia, kizuri, kisigino kimelika upande wa nje. Alikichora kwenye karatasi, akaigeuza karatasi, akakata ngozi, akashona pacha wake wa kushoto. Soli aliitoa kwenye tairi, na kisiginoni akapigilia misumari yake mitatu ya shaba, iliyokaa kama mafiga. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake, kila kiatu. Alipenda kusema kwamba hata ukifia ugenini, watakaokugeuza watajua ulitembea na Anyitike.

Akavirudisha vyote viwili chini ya kiti. Usiku ule alilala vizuri, kama mtu aliyewapatanisha ndugu.

Asubuhi vidole vya mguu wake wa kushoto havikuamka naye.

Kwanza ilikuwa ganzi ya vidole, kisha ya unyayo. Siku ya tano alijichoma pajani kwa msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, na hakujua mpaka Devotha alipouliza ile damu ni ya nani. Daktari aligonga goti, akasema mishipa mizima, damu inapita, hakuna cha kutibu. Lakini fundi viatu hashoni kwa mikono peke yake. Kiatu hukibana kwa magoti, na kamba ya kukishikilia huikanyaga kwa mguu wa kushoto. Sasa viatu vilimdondoka. Raba za mwalimu mkuu zilimdondoka mara nne mbele ya mwalimu mkuu mwenyewe, akazichukua kwa adabu, akazipeleka kwa fundi wa stendi. Benchi lake likaanza kupata vumbi upande wa wateja.

Na kulikuwa na jingine, ambalo hakumwambia daktari. Anyitike alikuwa amesoma soli za watu miaka arobaini. Kwa soli alijua nani hutoka kanisani mbio na nani hurudi kwa mkewe akiburuta. Sasa soli ya kiatu chake mwenyewe cha kushoto ilikuwa haijalika hata kidogo kwa wiki mbili. Lakini kile alichomshonea Silvester, kilichokaa chini ya kiti bila kuvaliwa na mtu, kilikuwa kimeanza kulika kisiginoni. Upande wa nje.

Sehemu moja tu duniani alibaki mzima: ndani ya gari lile. Mle mguu wa kushoto haukuhitajika.

"Mzee, nakwambia ukweli," Brayson alisema akijitoa chini ya gari. "Watu wanamodifai gari. Wewe gari inakumodifai. Inakupunguza taratibu mpaka ufanane na yule wa kwanza. Tukate huu mpini, tusafishe pedeli, gari irudi ilivyozaliwa. Mguu utarudi kwa sababu utakuwa unatakiwa."

"Na usiporudi?"

Brayson alifuta mikono kwenye suruali. Mguu usiporudi na mpini umekatwa, gari lingekuwa banda la kuku, na Anyitike angekuwa mzee wa barazani anayesindikiza viatu vya wenzake kwa macho.

Devotha alikuwa amefika na chupa ya chai. Alimimina, akampa Brayson kwanza, kisha akakaa kwenye ukingo wa tairi.

"Baba Eveline," alisema, "umewahi kumshonea mtu kiatu bila kumpima?"

"Haijatokea."

"Hata mimi mkeo, kila mwaka unanikanyagisha karatasi kama humjui unayelala naye."

"Mguu wa mtu hubadilika."

"Sasa huyu wa Iringa. Ulimpima lini?"

Anyitike alikunywa chai yote, ya moto, bila kupumzika. Kisha akajishika kwenye mlango, akasimama, akaubeba mguu wake kwa mikono miwili na kuuingiza ndani ya gari.

"Chomoa huo waya," alimwambia Brayson. "Usikate kitu mpaka nirudi. Mama Eveline, twende?"

"Mimi sikai kwenye kiti cha watu," alisema Devotha. "Nenda. Na chukua karatasi."

Alivitoa viatu chini ya kiti akaviweka kwenye kiti cha abiria, pamoja na penseli na karatasi. Barabara kuu ilikuwa na malori ya Zambia yaliyofuatana kama mkufu. Kiwiko kilishuka, vidole vikabadili gia, kiwiko kikapanda. Makambako upepo ulilisukuma gari ubavuni. Nyololo alisimama kununua viazi vya kuchemsha. Muuzaji, mama mwenye khanga mbili na koti la mume, aliinama dirishani.

"Kamwene," alimsalimu Anyitike.

"Kamwene, mama."

Yule mama aligeuza shingo kidogo kuelekea kiti cha abiria. "Kamwene," akasema tena, akasubiri kwa muda ambao mtu husubiri kuitikiwa, kisha akaongeza viazi viwili juu ya mfuko na kuondoka zake.

Saa kumi na nusu alikuwa uani kwa Benedicta, Kihesa. Mjane alikuwa anapukuchua maharage. Alikiona kiatu cha kushoto mkononi mwa mgeni kabla hajamwona mgeni, na maharage yakamponyoka.

"Umemtengenezea?"

"Kilikuwa pweke, mama. Sikuweza."

"Nilikwambia kama kilivyo." Alikichukua, akakigeuza, akatazama ile misumari mitatu, akatazama kisigino. "Kiatu kizuri. Sasa kiatu umempa, mguu ataupata wapi?"

Anyitike aliutazama mguu wake. Benedicta naye akautazama.

"Keti," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Nikwambie, maana umeshaingia nyumbani. Siku gogo lilipomwangukia, mguu ulikatwa hospitali, wakatukabidhi umefungwa kwenye shuka. Tukauzika pale, chini ya mpichi. Alipokufa yeye, ukoo wakamchukua kwao Nyololo, akalale na babu zake. Huu tuliuacha. Nilitaka kuwaambia wafukue, nikaona aibu. Wenzangu wanamlilia mtu, mimi nawakumbusha mguu." Aliokota harage moja, akalitupia kwenye ungo. "Kila mwezi alikuwa anakuja kuutembelea. Anapaki hapo ulipopaki. Nikimuuliza, anasema: najisalimia."

Mpichi ulikuwa umeshapukutisha majani. Chini yake palikuwa na mawe manne tu na udongo mwekundu uliofagiwa. Anyitike alijiburuta mpaka pale, akapiga goti la kulia, la kushoto akalikunja kwa mikono. Akatoa karatasi, akailaza juu ya udongo kama alivyowalazia wateja maisha yake yote, akashika penseli.

"Ndugu yangu Silvester," alisema. "Mimi ni Anyitike, fundi. Nilikukosea. Nilikata ngozi kabla ya kupima, jambo ambalo hata mwanafunzi wangu ningemchapa. Naomba ukanyage."

Hapakuwa na upepo. Benedicta alisimama nyuma yake na ungo kiunoni. Jogoo wa jirani, aliyekuwa anawika ovyo tangu Anyitike afike, alinyamaza katikati ya sauti.

Karatasi ilibonyea. Kidogo sana, kisiginoni, upande wa nje.

Mkono wa fundi ulikuwa umezoea, ukafanya kazi yake bila kumngoja. Alizungusha penseli taratibu, kisigino, ubavu, vidole, akarudi alikoanzia. Akakilaza kiatu juu ya mchoro. Kilizidi nusu kidole mbele. Alitoa kisu na ngozi mfukoni, akakata kipande cha kujazia, akakisokomeza ndani mpaka akaridhika. Kisha akachimba kwa mikono kati ya yale mawe, si kina kirefu, akakiweka kiatu, akafukia.

"Na cha kulia?" aliuliza.

"Kirudishe chini ya kiti," alisema Benedicta. "Kama kilivyo."

Siafu walianza kumpanda Anyitike unyayoni. Aliinama kuwapangusa, hakuona hata mmoja. Walikuwa ndani ya mguu, maelfu, wanapanda kuelekea gotini. Akakaa chini pale udongoni akalia na kucheka kwa wakati mmoja, na Benedicta, mwanamke wa heshima, akamgeuzia mgongo mpaka alipomaliza.

Alilala kwa binamu yake Mafinga, na Jumapili mchana akaendelea na safari. Baada ya Nyololo aliacha kuhesabu mara ngapi kiwiko chake kiliukuta mpini umeshashuka.

Jumatatu asubuhi aliingia gerejini kwa miguu yake miwili, akapiga teke tairi bovu kwa mguu wa kushoto ili Brayson aone. Gari alikuwa ameliacha mlangoni, limezimwa, ufunguo mfukoni.

"Sasa mpini hauna kazi," alisema Brayson, akachomeka grenda. "Nikate?"

"Ngoja niangalie kitu."

Anyitike alifungua mlango wa dereva akainama mpaka shavu likagusa kiti. Mpira wa pedeli ya klachi ulikuwa mpya siku zote, mistari yake yote ipo, umejaa vumbi la miaka, kwa kuwa hakuna mguu uliowahi kuukanyaga. Yeye mwenyewe hakuwahi kuugusa. Sasa vumbi halikuwepo. Mistari ilikuwa imelika upande wa nje, na katikati ya mpira palibonyea vishimo vitatu vilivyokaa kama mafiga.

Alivipapasa vile vishimo kwa kidole gumba, kimoja kimoja.

"Kata," alisema hatimaye. "Mwenyewe hauhitaji tena."

Grenda ililia, cheche zikaruka, nondo ikaachia. Mpini ulianguka kwenye saruji, ukabingirika hadi kwenye ndala za Brayson, ukatulia. Brayson alizima mashine. Katika ukimya ule walisikia springi ya pedeli ikiugua. Klachi ilikuwa inashuka. Ilishuka polepole, kwa adabu, mpaka mwisho, ikabaki chini.

Brayson aliitazama, akamtazama mzee.

Anyitike alifunga mlango wa dereva bila kuubamiza. Akatoa ufunguo mfukoni, akaupitisha dirishani, akauweka juu ya kiti. Kisha akazunguka mbele ya gari, akipapasa boneti mahali taa zilipolala, akafungua mlango wa upande wa pili, akaketi, na kujifunga mkanda.