Kikombe cha Loice

Mtu asije akawadanganya kwamba Nyamoita alikuwa mama mbaya. Hapana, na tena hapana. Wanaosema hivyo hawakumwona akikanyaga matope baada ya mvua ya alasiri, ametoka kazini zahanati ya shamba, amechoka hoi, na bado anapitia kwa jirani kumfundisha mtoto wa wenyewe kusema "mama". Kufundisha watoto kusema, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Katika mashamba ya chai ya Kericho, miaka ile ya hamsini, hatukumjua mwingine mwenye kazi ya namna hiyo, na yeye mwenyewe hakuwa na jina la kuiita. Watu wa laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari nyuma ya kiwanda, walimwita Mwalimu wa Midomo, na wakicheka wakasema huyu hata jiwe atalisemesha.

Ujuzi wake aliupata kwa sista mmoja mzee wa misheni, upande wa Sotik, siku alizokuwa msichana wa kupiga deki wodini. Watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka walishonwa pale, na wakishashonwa ilibidi wafundishwe kusema upya. Sista alimwonyesha kuweka mshumaa mbele ya mtoto ili aseme "pa" mpaka moto ucheze. Alimwonyesha kukishika kiganja cha mtoto na kukiweka kooni, asikie sauti inavyotetemeka. Na juu ya yote alimpa sheria moja: mtoto akitaka kitu, usimpe mpaka akitaje, maana ukimpa kabla umemwondolea sababu ya kusema. Sheria hiyo ilifanya kazi, jamani, msiicheke. Ilimfungua kinywa mtoto wa dereva wa trekta, na yule binti wa Chepseon aliyenyamaza baada ya homa kali. Nyamoita akaishika kama amri za kanisani.

Kisha akamzaa Loice.

Loice alikuwa mtoto mzuri, mweusi wa kung'aa, na hakumtazama mtu usoni. Ukimwita hageuki. King'ora cha kiwanda kikilia anaziba masikio na kujikunja chini ya kitanda, lakini mashine za kukaushia majani zikinguruma anatulia, anayumba taratibu, anatabasamu peke yake. Kazi yake kutwa ni kupanga vijiti vya kuni mlangoni, mrefu kwa mfupi, na ole wako ukikisogeza kimoja. Neno hakuwa nalo hata la dawa. Siku hizi madaktari wana jina la watoto kama hao. Wakati ule majina yaliyokuwepo yalikuwa bubu, zuzu, na amerogwa, na Nyamoita hakutaka kulisikia hata moja.

Ila Loice alikuwa na kitu kimoja. Akishikwa na kiu, alikwenda akachukua kikombe chake cha bati chenye ukingo wa buluu, akamtafuta mama yake popote alipo, akakiweka mapajani mwake. Basi. Hakulia, hakuvuta nguo. Alikiweka, akasimama pembeni akingoja, huku ameangalia mlango. Baba yake, Momanyi, mtu wa kiwandani asiyependa maneno mengi, alikuwa akisema, "Huyu mtoto ana adabu kuliko sisi wote." Na Nyamoita siku hizo alicheka, akamtilia maji, akamnywesha.

Shida ilianza kwa jirani yao Bosibori. Naye alikuwa na mtoto asiyesema, Nyang'au, tena mtembezi. Siku moja kiwanda kikiwa kimefurika majani mabichi, Nyang'au aliponyoka akaingia ndani mpaka kwenye mikanda ya mashine. Wakamwita, wakapiga kelele, wapi! Nyapara Onyancha alimdaka shati mkanda ukiwa karibu kumla mkono. Kesho yake meneja, Mzungu mwenye mbwa mwekundu, akaitisha watu wote penye mizani ya majani. Akasema hataki kuokota maiti ya mtoto kiwandani kwake. Mtoto yeyote asiyeitika akiitwa aondoke laini. Apelekwe kwao Kisii, walikotoka wafanyakazi wengi, au jamaa yote ifungashe virago.

Mnajua maana yake? Kwao Kisii Bosibori hakuwa na mtu, mume alikuwa amekufa. Kulikuwa na mama mwingine wa mwisho wa laini, na Mkipsigis mmoja, mwenyeji wa huko, mlisha ng'ombe wa meneja, na wengine waliokuwa wakiwaficha watoto wao ndani mchana kutwa. Wanawake walitazama chini. Nyamoita ndiye aliyesimama.

"Bwana, tupe ile stoo ya vikapu vibovu," alisema. "Niachie watoto hao wawe wanashinda kwangu. Nitawafundisha kusema, wataitika."

Meneja alimtazama. "Wewe una mtoto wa namna hiyo, sivyo? Anasema?"

Mtu mmoja nyuma akaguna.

"Basi nikija kukagua laini, nitamsikiliza wako," meneja akasema. "Akisema, chukua stoo, na wenzake wakae. Asiposema, waende wote, na wako pamoja nao."

Nyamoita alirudi nyumbani. Bosibori alimfuata mpaka mlangoni, akamshika mkono. "Mama Loice, sina pa kwenda. Unajua sina."

"Hutakwenda popote," Nyamoita akamwambia. Na palepale, laiti angekaa chini kwanza akanywa hata uji! Palepale Loice akaja na kikombe chake, akakiweka mapajani.

Nyamoita alikichukua, akakijaza maji, akakiinua juu. "Maji. Sema maji."

Loice akangoja, ameangalia mlango.

"Sema kwanza, mama. Sema kwanza, nitakupa."

Mtoto akamshika mkono, akauvuta. Nyamoita akakiweka kikombe juu ya rafu, mahali ambapo mkono mdogo haufiki. Hivyo ndivyo ilivyoanza.

Ilikuwa Januari, kiangazi kimebana, hata majani ya chai yamekunja ncha. Loice alileta kikombe asubuhi, akaleta mchana, akaleta jioni. Kila mara "sema kwanza", na kila mara rafuni. Alijigonga kichwa ukutani. Alijing'ata mkono mpaka ukavimba. Mwisho Momanyi alikuwa akimnywesha kwa siri, na Nyamoita akigundua vita vinaanza.

"Mpe mtoto maji, wewe!"

"Nikimpa sasa nimemharibu. Wewe unafikiri mimi sioni uchungu? Mimi ndiye mwenye kazi hii au ni wewe?"

Momanyi akachukua kofia akatoka. Alipaswa kubaki, na mpaka leo anajua hivyo.

Halafu, siku moja, Loice hakuleta kikombe. Kesho yake pia hakuleta. Nyamoita alifurahi! Alikwenda mwenyewe kwa Bosibori kumwambia: ameacha ishara, sasa neno liko karibu, na wewe mfanyie Nyang'au hivyohivyo. Maskini, aliona kile alichofundishwa kuona. Hakujiuliza mtoto sasa anakunywa wapi. Mlisha ng'ombe ndiye aliyemkuta, amepiga magoti penye hori, anakunywa na ndama. Akamrudisha nyumbani amelowa kifua, na Nyamoita akamfuta, akamshukuru mlisha ng'ombe, akaendelea na sheria yake.

Siku ya ukaguzi laini nzima ilikuwa imefagiliwa. Meneja alifika na Onyancha na mbwa wake. Nyamoita alikuwa ameketi mlangoni, kikombe kimejaa mkononi, Loice mbele yake, na wanawake wamesimama nyuma. Bosibori alikuwa amemkumbatia Nyang'au kama wanataka kumnyang'anya.

"Loice," meneja akaita.

Mtoto hakugeuka. Alikuwa akitazama vijiti vyake.

"Loice, mama," Nyamoita akasema, akainua kikombe. "Sema."

Meneja alikwisha kugeuza kiatu aondoke. Hapo Loice akatazama kikombe, akafumbua mdomo, akasema waziwazi, kama mtu aliyekuwa akisema miaka yote, "Maji."

Woi! Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka kwa wachuma chai mlimani. Bosibori alimwangukia Nyamoita shingoni, analia, anacheka. Meneja aligusa kofia, akamwambia Onyancha awape ufunguo wa stoo. Hakuna jamaa iliyofukuzwa. Katika makelele yale Nyamoita alimpelekea Loice kikombe midomoni, na Loice akageuza uso. Kikamwagika chote kwenye kanga ya mama yake, na watu wakasema ni furaha tu.

Stoo ilifunguliwa. Watoto walikuja, hata kutoka Kapsoit walikuja, mama zao wamewabeba kwa aibu na kurudi nyumbani wamenyoosha shingo. Siku za mwanzo Nyamoita alikaa nao akimtazama Nyang'au anavyomvuta mama yake kidole mpaka kwenye chungu cha uji. Na Bosibori, kwa kumtii mwalimu, akamwambia, "Sema kwanza." Mtoto akakiachia kile kidole. Ni hapo Nyamoita alipoelewa. Alipiga kelele, "Mpe! Mpe uji, mama Nyang'au, amekwisha kusema!" Wanawake walifikiri amechanganyikiwa. Tangu siku hiyo kila mzazi aliyefika stoo aliambiwa kwanza apokee kile mtoto anacholeta, kiwe kidole, kiwe kijiti, kiwe kilio, kisha ndipo maneno. Nyang'au alikuja kusema, taratibu, baada ya mvua kurudi. Watu wakasema Mwalimu wa Midomo amepata akili mpya.

Kwa Loice haikusaidia. Neno lake alikuwa nalo, ndiyo. Alivisemea vijiti "maji", akausemea ukuta "maji", hana kiu wala nini. Kiu ikimshika alikwenda horini. Nyamoita alishusha kikombe kutoka rafuni, akakiweka kwenye kigoda, akakijaza kila asubuhi, na kila jioni alimwaga maji yaleyale. Lililompasua Nyamoita moyo si mtoto kukosa neno, ni kwamba mtoto alikuwa na njia moja duniani ya kumjia mama yake, na mama mwenyewe akaifunga.

Mwishowe akajaribu njia ya mtoto mwenyewe. Ilikuwa Jumapili, wengine wako kanisani. Loice alikuwa amekaa mlangoni na vijiti vyake. Nyamoita alikichukua kile kikombe cha bati, kitupu, akaenda akapiga magoti, akakiweka mapajani mwa binti yake, polepole. Akasimama pembeni, akaangalia mlango, akangoja.

Loice alikitazama kikombe kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sema kwanza."

Ilikuwa sauti ya Nyamoita mwenyewe, ileile, na ukali wake wote wa Januari.

"Maji," Nyamoita akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni. "Nimesema, mama. Maji. Tafadhali."

"Sema kwanza, mama. Sema kwanza, nitakupa."

Loice aliinuka. Alikuwa amerefuka mwaka ule. Akakichukua kikombe, akaingia nacho ndani, akasimama kwa ncha za vidole, akakiweka juu ya rafu.