Salamu za Miaka Minne

Jumamosi, tarehe 14 Juni 1975. Asubuhi ile ukungu ulilala juu ya Kyebando, mtaa wetu wa Kampala, na manyunyu yalianguka kidogokidogo juu ya mabati. Niliomba kando ya kitanda, kisha nikatoka nikamkuta mama mkwe wangu, Akot, ameketi mlangoni. Mapajani alipakata tunda la mti wa yago, limefungwa shuka nyeupe kama mtoto.

Alikuwa amelileta kutoka Kitgum. Kwao mtu akifa na mwili wake usipatikane, tunda hilo refu huzikwa badala yake ili roho itulie. Alitaka tumzike mwanawe Okullo, mume wangu, sajini aliyekamatwa kambini mwaka wa 1971, baada ya mapinduzi, pamoja na askari wengine wa kaskazini.

"Mama, ukimzika mtu aliye hai umemwua," nilimwambia, kama nilivyomwambia kila alipokuja. "Hajji Bashir humwona gerezani. Huniletea salamu."

"Salamu hazili chakula," akasema. "Mwanangu alikuwa mlaji. Nenda ukamwulize tena. Akisema yu hai, nitarudi na tunda langu."

Swali la kumwuliza nilikuwa nalo tayari. Nililipata jioni iliyotangulia, huko Mengo, katika darasa letu la watu wazima. Umeme ulikatika, naye Mwalimu Dawudi akatutoa uani. Alituonyesha nyota ya rangi ya chungwa iliyokuwa juu sana. Alisema nuru yake ilianza safari miaka thelathini na sita iliyopita, wakati mimi nilipokuwa mgongoni mwa mama. Kisha akatugeuza kusini.

"Ile inayong'aa karibu na Msalaba wa Kusini ni jirani yetu. Kwa macho ni moja, lakini ni nyota mbili zinazozungukana. Ya tatu ni ndogo, hatuioni, nayo ndiyo iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua. Hata hivyo, nuru yao husafiri miaka minne na kitu. Mnayoiona sasa ilitoka mapema mwaka wa sabini na moja."

"Kumbe ilitoka sukari ikiwa bado madukani!" alisema rafiki yangu Nusura, na darasa zima likacheka.

Nikauliza, "Na sasa hivi, Mwalimu, zipo?"

"Naamini zipo. Nyota hazifi upesi. Lakini kwa macho haya siwezi kuapa. Zikizimika leo, tutaendelea kuziona zaidi ya miaka minne."

Hakuna aliyecheka tena. Kila mmoja pale alikuwa na mtu wake aliyepotea. Mwalimu aliangaza macho uani kama kuna anayesikiliza, akasema turudi ndani.

Basi asubuhi ile nikaenda Old Kampala. Babu zake Hajji Bashir walikuja na biashara kutoka pwani, na yeye alikuwa akipeleka mikate katika gereza alimofungwa Okullo. Nilipoingia dukani alinyanyuka, kama kawaida yake.

"Karibu, mama Adong. Mumeo anakusalimu, anasema—"

"Watoto wasome," nikammalizia. "Hajji, alisema hivyo lini?"

Alichukua kitambaa akaanza kufuta mizani. "Leo unauliza kama polisi."

"Nauliza kama mke. Lini?"

Alifuta mpaka mkono ukachoka. "Agosti ile," akasema. "Agosti ya sabini na moja. Nilimwona mara moja tu, dirishani. Niliporudi, walinirudisha na mikate yangu yote. Chumba chao kilikuwa kitupu, sakafu imemwagiwa maji kuosha damu. Nikasema nitakuambia. Lakini ulikuja na mtoto mgongoni, ukacheka kwa zile salamu. Nilishindwa mwezi ule, na mwezi uliofuata ikawa vigumu zaidi."

Nilitaka kumlaani. Nikamwomba Mungu anipe neno jingine, akanipa moja tu.

"Njoo umzike," nikamwambia.

Tulichimba nyuma ya nyumba jua likishuka, mimi, Akot, Hajji na Nusura niliyemwita atusaidie. Majirani tuliwaambia tunapanda migomba, kwa kuwa nyumba ya tatu alikaa mtu wa usalama. Akot aliweka tunda shimoni kwa mikono yake, akauma khanga ili kilio kisitoke. Hajji alifungua viganja akasoma dua yake. Mimi nilisali Baba Yetu, na nilipofika kwenye kusamehe nilikwama, Nusura akanisubiri, nikamaliza.

"Mjane husema," Akot akaniambia. "Kwa sauti, asikie."

"Polepole, dada," Nusura akanong'ona. "Yule bwana yuko barazani."

Nilisimama wima.

"Okullo, ni mimi, Acen. Mbele ya mama yako, na Hajji, na Nusura, na mbele za Mungu: kuanzia leo sitawaambia tena watoto na majirani kwamba umesafiri. Yeyote atakayeniuliza habari zako, awe mtoto wako au askari, nitamwambia walikuua, na mwaka nitautaja."