Grafu ya Bafuni

Nyumba yetu ina watu sita na bafu moja, kwa hiyo kila asubuhi ilikuwa ni kugongeana mlango tu. Shangazi, mwalimu wa hesabu, akachoka. Kwa wiki mbili alikaa kwenye korido na saa yake, akiandika nani ameingia na nani ametoka, kisha akachora grafu yenye nguzo sita za rangi. Nguzo ya baba ilikaribia kuvuka karatasi.

“Dada, yangu umeirefusha,” baba alilalamika.

“Umeirefusha mwenyewe, kaka. Dakika arobaini, unaoga au unaatamia mayai?”

Akaibandika nyuma ya mlango wa bafu, kila mtu ajione akiwa peke yake. Wiki iliyofuata alipima tena, akakuta nguzo zote zimepanda, hata ya bibi, ambaye huoga chapuchapu. Kila aliyeingia alisimama na povu mwilini akilinganisha nguzo yake na za wenzake.

Shangazi akaingia kuibandua. Tulimsubiri nje, taulo mabegani. Hatimaye baba akagonga kwa adabu.

“Dada, nusu saa sasa.”

“Subirini kidogo,” akajibu. “Hii nguzo ya bibi nilikosea rangi.”