Msalaba Nyuma ya Bati

Mchana ule Agnès alikuwa anajifunza kuchomelea bati jembamba, na alikwisha kutoboa kila kipande alichoachiwa, mgeni alipoingia karakana. Alibeba mabati ya paa begani na taulo kichwani. Chini ya taulo, panga lilikuwa limepasua fuvu hadi juu ya sikio. Alikuwa amekufa tangu asubuhi.

"Jambo, mama. Miye Lucien, mwalimu. Mwenze iko?"

"Patron alitoka na bavijana ba chama. Miye niko najifunza tu, papa."

Barabarani tairi lilikuwa linaungua, na mtu ndani yake. Mwaka ule kila jirani mwenye asili ya mkoa wa Kasai, hata aliyezaliwa hapahapa Lubumbashi, alifukuzwa hadi stesheni. Mke wa Lucien, Geneviève, alikuwa huko na watoto akingoja treni ya jioni. Treni haikupokea maiti isipokuwa ndani ya sanduku la bati lililozibwa pande zote. Geneviève hakuweza kuwaacha watoto, basi marehemu akaja kuagiza mwenyewe.

"Nilimuambia bibi, tutaenda bote. Tundu hata moja ikibakia, batanishusha."

"Haitabakia," Agnès alisema, na palepale akaogopa, maana mkono wake ulikuwa bado mzito.

Alikata mabati kwa kipimo cha sanduku, akapunguza nguvu ya mashine, akachagua ufito wa kuchomelea, bageti nyembamba kuliko zote. Kwenye kona bati liliyeyuka, tundu likafunguka, na kutoka tunduni sauti ikasema, "Mufunge mulango, asitoke." Asubuhi bati lile lilikuwa bado juu ya nyumba ya Lucien, na lilikuwa limesikia yote. Tundu lililofuata lilitoa kicheko cha komisa wa polisi. Kwenye kifuniko likafunguka jingine: "Mupige tena, kichwa yake iko nguvu."

Agnès aliijua sauti hiyo. Ndiyo iliyomwambia kila siku ashike bageti kama mtu anayeshika kalamu.

"Tuache wazi, papa. Bantu basikie."

"Nani atasikia? Komisa?" Lucien alitazama jua. "Miye niko na treni."

Bati jembamba huwekewa shaba nyuma; shaba humeza moto na haigandani na chuma. Shaba ya karakana ilikuwa imeporwa. Agnès alifungua kitenge kiunoni, akatoa msalaba wa shaba wa mama yake, fedha ya kale, kipande cha mahari ya nyanya yake, alichokibeba tangu nyumba zianze kuchomwa. Aliuegemeza nyuma ya mshono, akatia nukta hapa, nukta kule, akiacha bati lipoe. Kicheko cha komisa kikazimika.

Kilibaki kifuniko.

"Hapa nani atashika shaba ndani?" aliuliza.

"Miye," Lucien alisema, akajilaza ndani ya sanduku na msalaba mkononi, na Agnès akamfunika.

Agnès aligonga kwa nyundo pale alipotaka kuchomelea, na Lucien akasogeza msalaba. Hivyo walizunguka kifuniko chote hadi kwenye tundu la mwisho. Hapo Mwenze aliingia na redio iliyoporwa nyumbani kwa Lucien kwapani. Alisimama akasikiliza sauti yake mwenyewe ikitoka tunduni. Kisha akatundika panga msumarini.

"Ile ufunge muzuri," alisema.

Agnès aliondoa bageti. Alitaka tundu libaki wazi mpaka mji mzima upite na kusikia. Mwenze alingoja. Ndani ya sanduku Lucien aligonga mara moja, kwa upole.

Agnès aliwasha moto. Bati halikutoboka. Sauti ilikatikia katikati ya neno.

"Sasa umejua kazi," Mwenze alisema. "Na shaba ya mama yako?"

"Iko ndani."

"Kesho uje mapema. Tutaanza kuchomelea milango."

Stesheni, Agnès alipofikisha sanduku, mkaguzi alipitisha kiganja kwenye mishono, akanusa, akamwaga maji juu. Hakuna tone lililopita. Geneviève aliwakalisha watoto juu ya sanduku, akashika mkono wa Agnès uliounguzwa na cheche, akauachia.

Treni ilipoanza kutembea, shaba iligonga bati kutoka ndani, taratibu, kama mtu anayeonyesha kuwa yuko tayari kwa mshono unaofuata.